Nyota Iliyokonyeza

Mwaka wangu wa pili wa masters, pale chuoni Chepkoilel, nilipewa nyota mbili zinazozungukana. Moja ni nyota ya kawaida. Nyingine ilishakufa ikabaki kadonge kanakoweza kutoshea mjini Eldoret, lakini kazito kuliko jua. Hako kadogo hunyonya gesi ya mwenzake, na gesi ikikaangukia huwaka kwa eksirei. Kazi yangu ilikuwa kusoma data ya setilaiti nione mwanga huo unavyopanda na kushuka.

Asubuhi moja nikaona ajabu: kila baada ya dakika tisini na kitu, mwanga unazimika kabisa, kisha unarudi. Nikachapisha grafu, nikaibandika ukutani juu ya meza ya dada niliyeshiriki naye ofisi, kwa kuwa alizoea kunicheka. Chini nikaandika: "Mwenye macho haambiwi tazama." Halafu nikampigia simu Mama, kule nyumbani Moiben.

"Mama, nimegundua kitu! Kuna nyota inakonyeza."

"Asante Yesu!" Akakata simu kabla sijaeleza.

Niliporudi kutoka lunch, kalamu nyekundu ilikuwa imeongeza swali: "Na setilaiti yako inazunguka dunia kwa dakika ngapi?"

Dakika tisini na kitu. Kila mzunguko, dunia ilikuwa inaiziba nyota. Yule dada alikuwa anachapa kazi yake, uso mtulivu kama wa mtawa.

Jumapili nikaenda nyumbani, nikakuta Mama ameshatangaza kanisani na jogoo ameshaiva. Nilipanga kunyamaza, nile, nirudi. Lakini jirani yetu, mwalimu mstaafu, akauliza, "Sasa hiyo nyota inamkonyeza nani?"

Nikakiri yote. Mama akaweka sufuria chini.

"Yaani ulikuwa ndani ya gari, gari likapita nyuma ya kilima, ukasema nyumba yetu imepotea?"

"Ndiyo, Mama."

Mwalimu alicheka mpaka akamwaga chai. Mama akagawa nyama. "Kuleni tu. Jogoo hafufuki."

Jumatatu nilimwomba yule dada msaada. Tuliziondoa zile dakika za kuzibwa, na chini yake kukabaki kufifia kwingine, kwa polepole, kila baada ya saa kadhaa, gesi nzito inapopita mbele ya ile nyota ndogo. Hiyo ilikuwa ajabu ya kweli. Alinilazimisha kuihakiki wiki tatu. Profesa aliyenisimamia alipoikubali, tuliandika makala pamoja, tukabishana nusu siku jina la nani litangulie. Akashinda yeye.