Karatasi Moja Tu Aliyoifungua Odilia

Binti yangu Odilia hakuiba nyaraka za wanachama wa ushirika wetu wa kahawa. Wanaolisema hilo, kuanzia huku mlimani hadi mtaa wa Soweto kule mjini, hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Mfumo ule wa kompyuta aliutengeneza Praygod, mwana wa wifi yangu Mektrida. Siku ya uzinduzi alisimamishwa mbele ya watu, akapigiwa vigelegele. Mektrida akanigeukia: "Wako bado anajifunza, wifi?"

Niliungua. Odilia ana shahada, na nimemsomesha peke yangu tangu baba yake afariki. Wa kusimamishwa pale alikuwa yeye.

Jioni Odilia aliufungua mfumo akakunja uso. "Mama, hapa pana tundu." Mfumo ulitoa matangazo ya bei kutoka folda moja, kwa jina lolote la faili ambalo msomaji ameandika. Ukitanguliza nukta mbili mfululizo na alama ya mkwaju (../), unatoka nje ya folda hiyo, na jirani yake ni folda ya karatasi za wanachama. Akaniomba ruhusa ajaribu na yangu tu. Nikampa. Ikafunguka.

Tukamwendea Praygod, Odilia akamweleza.

"Shikamoo, mama. Dada, umekuja na wivu wako?" akacheka. "Nitazifuta hizo nukta, yaishe."

"Zinaandikika kwa njia nyingine pia," Odilia alimjibu. "Mfumo utafute kwanza faili lilipo hasa, kisha uhakikishe bado lipo ndani ya folda ya matangazo. Kama halipo, ukatae."

Praygod alifuta nukta tu, kisha akamshtaki Odilia kwa mwenyekiti. Binti yangu akaitwa kikaoni kama mwizi, jina la baba yake likitajwa.

Hakubishana. Aliomba kumbukumbu za mfumo zisomwe: ilikuwa imefunguliwa karatasi moja, yangu. Kisha akaziandika nukta kwa namna nyingine, na karatasi ile ile ikatokea ukutani walikomulika picha ya kompyuta, wakaizima upesi. Praygod akainama. Siku hiyo hiyo alirekebisha kama alivyoelekezwa.

Jumamosi Mektrida alikuja na jani la isale. Kwetu msamaha unaoombwa kwa jani hilo haunyimwi, nikalipokea kwa mikono miwili. Ila vile vigelegele hakuvileta.

Akiwa mlangoni akauliza, "Lakini wifi, kwenye ile karatasi yako kuliandikwa nini?"

Yeye sikumwambia. Na ninyi siwaambii.