Mugeni wa Mstari wa Tano

Ukitaka kuujua mkono wa Nabintu, nenda mtaa wa Kamenge asubuhi uulize sombe ya Bukavu, yaani kisamvu. Alifika hapa kwa Warundi akikimbia vita vya kwao Kongo, na mimba ya mwanawe Loïc tumboni, miaka ishirini na sita iliyopita. Majirani walimcheka kwa kinu chake na kelele zake. Leo nusu ya mtaa haitwangi tena majani ya muhogo nyumbani. Watu wanapeleka ndoo kwake, na wanawake waliozaliwa papa hapa wanatia mawese kama alivyowafundisha. Kamenge ilijifunza kula kwa Nabintu, naye akajifunza jambo moja kwa Kamenge: kufunga mdomo. Kwao mtu husema mpaka mlima wa pili usikie. Hapa neno hutafunwa kwanza. Tabia hiyo ilimfaa mara nyingi, nami simlaumu. Ila mara moja ilimponza.

Vita vya juzi viliporudi Bukavu, Chanelle, mtoto wa dada yake, alitokea mlangoni bila viatu na bila kitambulisho. Dada mwenyewe alifia njiani. Nabintu alimwogesha yule msichana wa miaka kumi na tisa kama mtoto mchanga, huku akilia, kisha akamnunulia ndara nyekundu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Chanelle alikuwa uani na mchi mkononi, ndipo akaingia Callixte, chefu, yaani mkuu, wa nyumba kumi, kukagua daftari la nyumba. Kila nyumba inalo, nalo linaeleza nani analala humo na ametoka wapi. Callixte ni mtu wa milimani, lugha yake Kirundi, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Mtaani kulikuwa na maneno kwamba Wakongomani wapya wasio na karatasi watapelekwa kambini.

"Na huyu?" akauliza.

"Ni mugeni, chefu."

Callixte alimtazama msichana anavyotwanga, akatabasamu uso mzima. "Ehe! Impundu, vigelegele, mama! Loïc ameoa na hamukutuambia?"

Kwa Kiswahili mgeni ni aliyekuja kukutembelea. Kwa Kirundi umugeni ni bibi harusi. Nabintu aliliona kosa kabla kalamu haijagusa daftari. Alifungua mdomo asahihishe, akaiona miguu ya Chanelle iliyopasuka, akaufunga. Mstari wa tano ukaandikwa: umugeni wa Loïc, wala karatasi haikuulizwa.

Tatizo ni kwamba Loïc alikuwa na mchumba, Elsa wa mtaa wa Carama, na Jumapili iliyofuata wazee walikuwa wakutane kuzungumza mahari. Majirani, kwa wema wao usioombwa, wakaanza kuleta pongezi: huyu kikapu cha maharage, yule kreti ya bia. Ijumaa Loïc alirudi kutoka gereji macho mekundu.

"Mama, watu wanasema mi nimeoa dada yangu!"

Kwa Washi, kabila la Nabintu, mtoto wa dada yake mama ni ndugu yako kabisa. Kumwita mke ni mkosi.

"Mi sikusema bibi. Nilisema mugeni."

"Na ukanyamaza! Baba ya Elsa amesema hawezi kutoa mutoto wake mu nyumba yenye mugeni mwingine. Futa ile jina mbele ya Jumapili, siku ya Mungu."

"Nikifuta, wanamubeba huyu mutoto."

"Na mi je, mama? Mi si mutoto wako?"

Uani mchi wa Chanelle ulinyamaza. Nabintu alisikia ulivyonyamaza, wala hakugeuka.

Jumamosi alikwenda kwa Callixte. Alipomaliza kueleza, yule mzee alishika kalamu.

"Kama si umugeni, ni nani? Ana karatasi? Niandike ukweli, mama, ao niache?"

Angemkaripia, ingekuwa nafuu. Nabintu aliwaza: Loïc alizaliwa hapa, ana karatasi, ana kazi, mke hatakosa. Yule mwingine hana mtu duniani ila mimi.

"Acha tu, chefu."

Alirudi polepole, akitafuta maneno ya kumwambia mwanawe. Hakuyahitaji upesi. Uani kinu kilikuwa kimeoshwa na kupinduliwa. Ndoo tatu za sombe zilikuwa zimetwangwa na kufunikwa vizuri. Juu ya kiti kulikuwa na blanketi lililokunjwa, na juu ya blanketi ndara nyekundu. Jirani alisema alimwona Chanelle asubuhi ameshika njia ya Gatumba, ile ya kurudia Kongo, peku. Nabintu aliketi chini akalia kwa sauti ya Bukavu, sauti ambayo Kamenge haikuwa imeisikia kwa miaka mingi.

Jumapili Loïc alikwenda Carama bila kuambiwa kuwa mstari haukufutwa. Baba yake Elsa alitaka kuona daftari kwanza. Alilisoma mpaka mstari wa tano, akalifunga, akamrudishia kijana kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Mahari haikuzungumzwa.

Jumatano Callixte alipita tena, safari hii na wakaguzi wawili wasiojua Kiswahili. Mmoja aliweka kidole kwenye mstari wa tano.

"Umugeni ari hehe?" Mugeni yuko wapi?

"Aragiye," Nabintu akajibu. Ameenda.

Callixte hakumtazama. Alitoa rula mfukoni, akaukata mstari ule kwa kalamu, kwa unadhifu. Ndivyo jina lilivyofutwa, kama Loïc alivyoomba.