Tulivyokwenda Stockholm na Bango la Mabingwa

Siku tulipoondoka Kasulu walikuwepo hawa: Mkuu wa Chuo, Dokta Gwimo, aliyevaa suti tangu alfajiri, Kocha Zubeda na filimbi yake shingoni, wachezaji kumi, yaani Yusta, Hadija, Pendo, Mariamu, Skolastika, Tabu, Neema, Ester, Zaituni na mdogo wangu Devota, na mimi Leokadia, fundi cherehani. Waliotusindikiza ni wadogo zangu wa kiume, Raimondi na Onesmo, na paroko aliyetuombea mpaka dereva akawasha injini kumkumbusha kwamba Dodoma ni mbali. Msomaji asihangaike kuyashika majina yote. Nimeyaandika kwa sababu kwetu kikundi kikisafiri, hutajwa wote, asije mtu akasahaulika njiani.

Sababu ya safari ilikuwa mpira wa mikono. Chuo chetu kiko kilimani, na miaka michache iliyopita kilikuwa karibu kufungwa. Madarasa yalikuwa na viti vingi kuliko watu. Kisha wasichana wetu wakachukua kombe la vyuo vikuu nchini, redio ikatangaza, na msimu wa udahili uliofuata wazazi walijaa uwanjani na masanduku ya watoto wao. Wengi waliuliza swali moja: "Yuko wapi yule binti anayeruka?" Binti mwenyewe ni Devota. Mkuu wa Chuo akaona mlango umefunguka. Akatoa agizo kwamba mchezaji wa timu asome bure, na akiacha kucheza, ufadhili wake ukome. Akachapisha bango kubwa lenye picha ya Devota akiwa hewani, mpira mkononi, na chini yake maneno: NJOO USOME NA MABINGWA.

Barua ilipokuja kutoka kwa klabu ya wanafunzi huko Stockholm, ikitualika kwenye mashindano ya kirafiki na kugharamia nauli, Mkuu alifurahi kuliko wachezaji. Alitaka aone kwa macho yake jinsi vyuo vya Ulaya vinavyotumia michezo kujaza madarasa. Wazazi nao walitaka mwanamke mtu mzima aende kuwaangalia mabinti. Mimi ndiye ninayewashonea jezi, nikachaguliwa.

Nilikuwa na sababu yangu pia. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Niliacha shule, nikakaa nyuma ya cherehani ya mama, na wadogo zangu watatu wakakua mbele yake. Devota ni wa kwanza katika nyumba yetu kuingia chuo kikuu. Yuko mwaka wa pili, anasomea ualimu wa hisabati. Wiki mbili kabla ya safari alitua vibaya mazoezini, goti likageuka. Aliniambia mimi peke yangu.

"Dada, usiseme. Wakijua siwezi kucheza, nimekwisha."

Basi nilikwenda Ulaya kulinda goti.

Njiani kutoka Kasulu hadi Dodoma Devota alikaa dirishani, mguu wake ameunyoosha juu ya begi langu, akijifanya amelala kila Kocha alipopita. Dodoma tukapanda treni ya umeme hadi Dar es Salaam. Wasichana walishangaa jinsi soda zilivyotulia kwenye chupa. Kwenye ndege sina mengi ya kueleza. Nilisali, nikala, nikasali tena.

Tulipotoka uwanja wa ndege wa Arlanda, baridi ilitupokea kabla ya mwenyeji. Mwenyeji alikuwa pembeni yake, Mama Consolata, aliyeombwa na ile klabu atupokee, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kanisani, na mbele yake toroli lililojaa makoti aliyoyaomba kwa waumini wenzake. Ni Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi wilayani kwetu kabla ya kuletwa Sweden. Sasa anafanya kazi kwenye ghala kubwa Jordbro.

"Amahoro!" alituita kwa Kirundi, yaani amani. "Waha ni nani hapa?"

Tukanyoosha mikono.

"Hicho Kiha chenu ni Kirundi mlichokiazima. Mtakirudisha lini?"

"Tulidhani mlituachia zawadi," nikamjibu. Akacheka, akanivisha koti lililonifika visigino.

Tulipanda treni, tukabadilisha katikati ya jiji, tukashuka Jordbro, penye maghala upande mmoja na majengo ya ghorofa upande mwingine, na misonobari imesimama katikati kana kwamba inaamulia ugomvi. Dokta Gwimo alifikia kwa mchungaji. Wasichana walilala ukumbi wa kanisa pamoja na Kocha. Mimi na Devota tulikwenda nyumbani kwa Mama Consolata. Nilipompa galoni la mawese alilifungua hapohapo, akanusa, akakaa chini. Binti yake Aline, wa miaka kumi na saba, alimwambia kitu kwa Kiswidi.

"Anasema eti ninalia juu ya mafuta ya kula," mama mtu akatutafsiria. "Wewe Aline, subiri uonje maharage ya leo."

Devota alipovua suruali ya safari, Mama Consolata aliliona goti. Lilikuwa limevimba kama nazi changa.

"Huu mguu wa kurukia au wa kukandwa?" aliuliza, na bila kusubiri jibu akaenda kuleta barafu.

Baadaye Devota alinivuta pembeni. Alitaka nipanue suruali ya jezi yake ndani na kushona mkanda mnene wa kubana goti, Kocha asiuone.

"Nitakushonea chochote," nikamwambia, "lakini si hicho."

"Kwa hiyo unataka nirudi nyumbani kuvunja kokoto?"

"Nataka urudi unatembea."

Alichukua ile barafu, akaenda kulala.

Ijumaa tulikwenda chuo kikuu. Kwetu timu haingii kwenye nyumba ya mtu kucheza kabla ya kumwamkia mwenye nyumba. Kwa hiyo Dokta Gwimo aliagiza sote tuvae sare, tubebe kombe, tuimbe kidogo, kisha yeye amkabidhi mkuu wa chuo hicho lile bango letu kama zawadi. Tuliingia ukumbi mkubwa wa vioo, wanafunzi wamejikunja juu ya kompyuta zao, tukaanza kuimba. Vichwa vikainuka kimoja baada ya kingine. Yusta na Hadija wakalikunjua bango mbele ya meza ya mapokezi.

Mama wa mapokezi, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi kwa heshima. Kisha akauliza tunamtafuta nani. Mama Consolata alikuwa mkalimani.

"Tumekuja kumsalimia mkuu wa chuo," alisema Dokta Gwimo. "Sisi ni wageni wa timu yake."

Yule mama alitazama kompyuta, akapiga simu, akatazama tena.

"Anasema chuo hakina timu," Mama Consolata akatuambia taratibu.

"Mwambie ya mpira wa mikono."

"Anasema hakina timu yoyote. Hiyo ni klabu ya wanafunzi wenyewe. Chuo hakijui nani anacheza. Lakini anasema wimbo ni mzuri, na mkitaka kahawa iko pale."

Nilimwona Dokta Gwimo akilitazama lile bango kama mtu aliyeleta mahari kwenye nyumba isiyo na binti. Hakuna aliyethubutu kucheka, isipokuwa Tabu, na Tabu alijifanya anakohoa.

Kumbe wenyeji wetu halisi walikuwa wanatusubiri ukumbi wa michezo, mtaa wa pili. Nahodha wao, Elin, alikuja mbio kututafuta. Ni msichana mrefu, anasomea uhandisi. Alituketisha kwa kahawa na mikate ya mdalasini, na Dokta Gwimo akaanza maswali yake. Walizungumza Kiingereza, Devota akinitafsiria sikioni.

"Chuo kinakulipia nini kwa kucheza?"

"Hakuna. Mimi ndiye ninayeilipa klabu ada."

Vikombe vikarudi mezani.

"Unalipa ili ucheze?" Skolastika alipaza sauti. "Na ukifunga mabao mengi unapunguziwa?"

Elin alicheka, akasema hapana, ila akifunga mengi haoshi fulana za timu wiki hiyo.

"Basi ni nani anayekuja kusoma hapa kwa sababu yenu?" Dokta Gwimo aliuliza.

"Sidhani kama yupo. Watu huingia kwa alama zao za shule. Wakishaingia, ndipo wanatutafuta, maana huwezi kusoma tu mwaka mzima."

Pembeni yake aliketi msichana mwingine, goti lake limefungwa vyuma. Aliumia mechi ya mwaka jana. Elin alisema huyo ndiye mfungaji wao bora, na sasa anaandika mabao mezani huku akiendelea na masomo. Devota alipofika hapo katika kunitafsiria, aliligusa goti lake chini ya meza. Sentensi ile hakuimalizia.

Jumamosi asubuhi, mlangoni mwa ukumbi, nilimwendea Dokta Gwimo. Alikuwa anatafuta mahali pazuri pa kumpiga Devota picha akiruka.

"Mkuu, Devota ameumia goti. Leo hachezi."

Alirudisha simu mfukoni. "Fundi, unajua unachoniomba? Timu ndiyo iliyokiokoa chuo. Nikimwacha asiyecheza abaki bure, kesho watatu wataumwa vichwa. Tukirudi palepale pa viti vitupu, hata huyo Devota atasomea wapi?"

Hayakuwa maneno ya kipuuzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevishonea viti vile vitambaa, najua vilivyokuwa vitupu.

"Ni kweli, mpira uliwaleta wazazi getini," nikasema. "Lakini mzazi hamleti mtoto akae getini. Mwakani wakikuuliza yule binti anayeruka yuko wapi, utawaambia anavunja kokoto?"

Mama Consolata alikuwa nyuma yetu. Akaingia katikati bila kuombwa.

"Mkuu, mwache apumzike leo tu. Uamuzi wako usiutoe hapa mlangoni. Utautoa kesho nyumbani kwangu, tukiwa tumekula. Kwetu neno la mlangoni ni upepo. Neno la mezani lina mashahidi."

Alisita, akaitazama saa yake, kisha akamwita Kocha Zubeda. "Devota akae benchi."

Tulipigwa. Wenyeji hupaka viganja gundi ya kushikia mpira, na wetu hawajaizoea. Yusta alirusha mpira ukakataa kuachia mkono, yeye ndiye akaenda na mpira. Hata hivyo tulishangiliwa kama washindi, maana vijana wenye asili ya kwetu walikuja kutoka Fittja na Södertälje wakiwa na ngoma, wakiita kwa Kiswahili chao kilichochanganyika na Kiswidi. Devota hakunyamaza kwenye benchi. "Tabu, kushoto! Kushoto kwako wewe, si kwa Ester!" Kipindi cha pili Tabu alifunga mabao manne, na yote yalipitia mahali Devota alipomwelekeza.

Baada ya mechi msichana mmoja wa Fittja mwenye hijabu alimwendea. Dokta Gwimo alikuwa karibu, akilikunja bango.

"Wewe ndiye huyu wa kwenye picha? Unasoma nini?"

"Hisabati. Nitakuwa mwalimu."

"Hisabati! Mimi naogopa kuomba chuo kwa sababu ya hiyo hisabati. Ni ngumu kiasi gani?"

Walikaa kwenye ngazi na kalamu moja na kisanduku kitupu cha keki, Devota akimwandikia, yule akisema "Vänta, vänta," subiri, subiri, kisha "Aaa!" Aline naye akasogea, akainamisha kichwa juu ya kisanduku. Dokta Gwimo alisimama na bango kwapani muda mrefu. Picha hakupiga, ila hakuondoka.

Jumapili baada ya ibada tulikula kwa Mama Consolata. Maharage yalikuwa mekundu kwa mawese, Aline akaongeza mara mbili bila kutafsiriwa. Sahani zilipoondolewa, mama mwenye nyumba alisema tu, "Mkuu, meza ni yako."

Dokta Gwimo alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Nilikuja kujifunza jinsi ya kujaza chuo kwa mpira. Hapa nimekuta chuo kilichojaa bila mpira, na mpira uliojaa bila chuo. Sisi si wao. Sisi bado tunauhitaji mpira ututangaze, sitadanganya. Lakini anayeletwa na mpira lazima atoke na cheti. Mbele yenu nasema: Devota atasoma bure mpaka amalize, acheze asicheze. Na yeyote wa timu atakayeumia, hivyohivyo. Kocha, umesikia?"

"Nimesikia, na nimehesabu mashahidi," alijibu Kocha Zubeda.

Devota alikuwa anaosha vyombo jikoni. Nilisikia bomba likifungwa. Alitoka na povu mikononi, akanikumbatia nyuma ya shingo mpaka gauni langu likalowa.

Tulirudi Kasulu wote tuliotoka. Goti linapona polepole. Daktari amesema asiruke kwanza, na sasa Devota ndiye msaidizi wa Kocha. Yuko mwaka wa tatu. Bango jipya lina picha mbili, timu uwanjani na Devota ubaoni na chaki, na msimu huu wazazi wamekuja tena na masanduku. Wengine bado wanaulizia anayeruka. Wapo pia, mmoja mmoja, wanaouliza anafundisha saa ngapi. Nilichojifunza ni hiki: jina la timu linaweza kumtoa mtoto nyumbani kwao, nalo ni jambo jema, mradi awepo wa kumpokea darasani siku mguu utakapogoma.

Limebaki moja. Siku ya kuagana nilimuuliza Mama Consolata tumlipe nini. Alikataa kila kitu, kisha akanishika mkono. Mama yake amezikwa kambini kwetu, na tangu aondoke hakuna mtu wake aliyewahi kwenda kupalilia. "Uking'oa nyasi, mwambie Consolata yuko hai," alisema.

Nimeshakwenda, mimi na Devota na kaka zake, na majembe. Kambi ilifungwa zamani. Makaburi yapo chini ya vichaka, misalaba imeoza, majina hayasomeki. Tulipalilia tuliyoyaona mpaka jua likazama, na kwenye kila moja nilisema yale maneno, lakini sijui kama nimeyasema penyewe. Mvua zikikata tutarudi. Mama Consolata hupiga simu karibu kila Jumapili, huuliza goti, huuliza mitihani. Kaburi hajaliuliza hata mara moja.