Kinubi Kilichotekwa Matangani

Dada yangu alitoka Hale asubuhi kwenda Korogwe mjini kununua sufuria, akarudi na kinubi. Nilimuuliza sufuria iko wapi. Akasema zilizokuwepo zilikuwa nyembamba.

Wakati ule alikuwa amekaribia kustaafu. Alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni kule kwenye kituo cha umeme, na mimi, mdogo wake, nilikuwa nimehamia kwake baada ya kuachika, nikawa mkaguzi wa kila alichofanya. Kazi hiyo hakunipa mtu.

Kinubi chenyewe kilikuwa cha mbao, cha kupakata, chenye nyuzi za chuma kumi na sita. Dukani vilikuwa viwili, vinaning'inia kati ya mabegi ya shule na mipira. Mwenye duka, mama wa Kihindi aliyezaliwa hapohapo Korogwe, alimshauri achukue kile kidogo chenye nyuzi saba, kwa kuwa ndiyo kwanza anaanza. Dada akamuuliza kama yeye huwauzia watu kanga kipande kimoja. Mjadala ukaishia hapo. Akakigonga kile kikubwa mgongoni kwa kidole kama anayechagua nazi, akasikiliza, akapitisha ukucha pale nyuzi zinapofungwa kutafuta ufa, hakuuona, akalipa.

Alikuwa na haja moja tu, na aliisema wazi. Marehemu mama alikuwa na wimbo wa Kizigua wa kubembelezea watoto. Sisi tuliofuata hatukuushika, tulikuwa tunabembelezwa. Dada, kifungua mimba, aliushika kwa sababu ndiye aliyetubeba mgongoni. Lakini sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya, tena mwenyewe alijua. Basi alitaka aupige kwa kinubi, mwanzo hadi mwisho, kabla haujamtoka kichwani.

Ingewezekana kama Hale isingekuwa na unyevu. Mto uko jirani, na shati linalofuliwa asubuhi hukauka kwa kusitasita. Mbao ilivimba, nyuzi zikashika kutu na kuhama sauti. Dada akakipaka kinubi mafuta ya nazi mwili mzima, kama mtoto aliyetoka kuoga. Sisimizi wakaja, wakakaa. Kuanzia hapo aliacha mafuta, akabaki na kitambaa kikavu.

Kila siku baada ya swala ya alasiri alikaa barazani, akakifungua kutoka kwenye kanga yangu, ambayo hakuniomba, akafuta uzi mmoja mmoja. Halafu alichukua ufunguo mdogo wa kukazia. Aligusa uzi wa kwanza, akainamisha kichwa. "Bado," alisema. Akakaza. "Bado kidogo." Akagusa tena, akanyamaza, akahamia wa pili. Uzi wa nne ulikuwa mkorofi, kila siku alikaa nao kama mzazi aliyeitwa shuleni. Alipomaliza wa mwisho, wa kwanza ulikuwa umeshahama na maghrib inaadhiniwa.

Alipostaafu tulirudi kwetu Handeni. Nilidhani mambo yatatengemaa, maana Handeni haina unyevu wa kumsumbua mtu. Kumbe kinubi nacho kinaona kiu. Mbao iliyovimba Hale ikaanza kunywea, na nyuzi zikahama sauti upande wa pili. Dada akasema kinataka hewa yenye maji. Tunanunua maji kwa madumu, nguo tunafua kwa mahesabu, na kiangazi chote chini ya kitanda chake lilikaa bakuli la maji ya kinubi. Kuku wangu walikuwa wanaliangalia kupitia mlangoni. Nilitangaza mara nyingi kwamba siku nikipata nafasi nitamgawia mtu kile kidude.

Jirani yetu ni Mnyamwezi aliyeolewa hapa, na kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wazigua. Alasiri alikuwa anakuja kusimama kwenye uzio.

"Mzigua, kila siku unapika tu. Tutakula lini?"

"Subiri, Mnyamwezi," dada alimjibu bila kuinua kichwa. "Nyie mmezoea kubeba mizigo, kula mtaitiwa."

Na kula kwenyewe kulikuwa kwa nadra. Ule wimbo nilisikia mwanzo wake mara nyingi, katikati mara chache, mwisho sikuwahi.

Dada alifariki masika, kwa presha. Alikuwa amelala mchana, akitegemea kuamka alasiri. Kinubi kilikuwa kando yake, ndani ya kanga yangu.

Siku ya kuanua tanga Mnyamwezi alikuja akiwa amevaa gauni la dada, ndani nje. Ndiyo kazi ya mtani, kuchekesha watu waliochoka kulia. Akakaa mkekani katikati ya wanawake, akapakata ungo, akagusa hewa, akainamisha kichwa. "Bado," akasema. Watu wakacheka. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu akaingia chumbani, akatoka na kinubi chenyewe.

Mtani akishika kitu cha marehemu, ni chake mpaka wafiwa wakikomboe. Kwa kawaida ni kuku, au chochote kitu, na watu wanarudi kwenye pilau. Nilileta kuku. Nilishangaa nilivyomkamata haraka, maana kile kidude nilikuwa nimekisema vibaya miaka yote, na sasa nilikitaka kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile.

"Kuku weka hapo," alisema. "Kinubi ninachukua. Mwenye nyumba akitaka kubaki nacho, akipige. Kama hakuna wa kukipiga, nakwenda kuwekea vitunguu."

Mwalimu wa madrasa alikuwa kibarazani. Akakumbuka ana shughuli msikitini.

Mnyamwezi akakiweka mapajani mwangu. Wimbo wa mama sikuujua, na wimbo mwingine wowote sikuujua. Nilijua nilichokiona. Nikaomba kitambaa. Nikafuta uzi mmoja mmoja, na wanawake wakasogea karibu. Nikachukua ufunguo, nikagusa uzi wa kwanza, nikainamisha kichwa, nikakaza kidogo, nikahamia wa pili. Nilipofika wa nne, ukalia vibaya kama kawaida yake. Nikasita.

"Bado," Mnyamwezi alisema.

Safari hii hakuwa anaigiza. Nikakaza.

"Bado kidogo."

Nikagusa. Akanyamaza, na mimi nikajua ndipo hapo, kwa sababu ndipo ulipokuwa ukikaa kila siku. Kwenye uzi wa nane waliosema bado walikuwa wengi, majirani wa pande zote. Walikuwa wamesikiliza kupitia uzio miaka yote, nao sauti walikuwa wanazijua. Tukaenda hivyo pamoja mpaka wa kumi na sita. Nilipoinua mkono, Mnyamwezi alikuwa analia ndani ya gauni la dada, jambo ambalo mtani haruhusiwi. Akafuta uso kwa mkono, akasema nimekikomboa. Kuku aliondoka naye vilevile.

Wimbo wa mama umekwenda na dada, na unaniuma. Nimejaribu kuutafuta kwenye zile nyuzi, naupata mwanzo, halafu nakwama palepale. Bakuli liko chini ya kitanda changu sasa, na kuku waliobaki wanalitazama.

Alasiri nakaa barazani na kitambaa. Mnyamwezi anakuja kwenye uzio, anasimama. Siku hizi haulizi tutakula lini. Anangoja nifike uzi wa nne, ananiambia bado, na mimi nakaza.