Wagonjwa Thelathini Waliokuwa Mtu Mmoja

Mlangoni mwa ofisi ya mhadhiri wetu wa programu palibandikwa karatasi iliyosema kwamba wanafunzi wenye shida wanakaribishwa kila Jumanne, kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi. Ilipigwa chapa vizuri na ilikuwa na mhuri. Kufikia katikati ya mwaka wa pili nilikuwa nimeisoma mara nyingi hata ningeweza kuinakili kwa kichwa, maana karibu kila Jumanne niliyokwenda, yenyewe ndiyo iliyokuwepo kunipokea.

Chuo sitakitaja. Kilikuwa Tabora, lakini kilichonipata pale kinaweza kumpata mtu popote penye mlango na mhuri.

Mimi natoka Puge, upande wa Nzega, kwa wakulima wa mpunga na karanga, na nilikuwa wa kwanza nyumbani kusomea kompyuta. Baba alipoulizwa na waumini wenzake baada ya misa kwamba binti yake anasomea nini, alijibu, "Mashine," na watu wakaelewa kwamba nitarudi kukoboa mpunga.

Muhula ule tulipewa kazi ya kuandika programu ya kusajili wagonjwa wa zahanati. Unaingiza jina la mgonjwa, umri wake na kinachomsumbua, kisha mganga anapata orodha. Niliingiza watu thelathini, wote wa kwetu, kila mmoja na ugonjwa wake ninaoujua. Wa mwisho alikuwa shangazi yangu mwenye goti bovu. Nikaomba orodha. Ikaja orodha ya watu thelathini, na wote walikuwa shangazi. Mstari wa kwanza shangazi, goti. Mstari wa pili shangazi, goti. Hivyo hivyo mpaka chini. Nikafuta, nikaanza upya, safari hii nikimalizia na mjomba mwenye vidonda vya tumbo. Zahanati nzima ikawa mjomba.

Jumanne ya kwanza niliyokwenda kutafuta msaada nilimkuta katibu muhtasi, mama mpole aliyekuwa akifuma vitambaa vya makochi.

"Shikamoo, mama. Dokta yupo?"

"Marahaba, mwanangu. Yuko kikaoni."

"Kikao cha nini?"

"Cha kuboresha upatikanaji wa walimu kwa wanafunzi."

Alisema hivyo bila kucheka, akavuta uzi. Jumanne iliyofuata kikao kilikuwa kinaendelea, kwa sababu cha kwanza hakikutimiza idadi ya wajumbe.

Jumanne ya tatu nilimkuta. Mhadhiri wetu alisomea nchi yenye theluji, na theluji ile ilikuwa haijamtoka bado. Alivaa koti zito hata Oktoba, wakati mbwa wa Tabora wanatafuta kivuli cha mtungi.

"Shikamoo, dokta."

"Kiingereza," alisema. "Lugha ya kompyuta ni Kiingereza."

Nilikuwa nimejifunza sentensi zangu usiku kucha kama mtoto anayejiandaa kwa kipaimara, lakini aliponitazama zilitawanyika. Ilibaki moja. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba wagonjwa wangu wote wamekuwa shangazi yangu.

Alivua miwani. Akanijibu kwa Kiingereza cha taratibu, cha huruma, kwamba masuala ya wagonjwa na misiba ya familia yanashughulikiwa na mlezi wa wanafunzi, jengo la pili, chini.

"Hapana, dokta. Ni programu. Orodha."

"Aa, orodha." Miwani ikarudi. "Slaidi ya thelathini na nane."

Kisha, kwa kuwa saa nne ilikuwa bado, akanihubiria kidogo. Alisema wanafunzi wa leo wanataka kubebwa. Alisema hapa ndipo ilipopita njia ya misafara, na babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani bila kuuliza maswali. Lakini kwetu hadithi za wapagazi tulizisikia kwa watu waliozirithi kwa baba zao, na kwa jinsi nilivyozisikia, wapagazi waliuliza maswali tangu asubuhi mpaka kambini. Mzigo ukipinda, waliutua chini, na msafara mzima ukasimama mpaka mwenye mali aje aeleze.

Nilikwenda kuifungua slaidi ya thelathini na nane. Ilikuwa na alama kubwa ya kuuliza, ya buluu, na chini yake neno moja: "Maswali?"

Lilikuwepo pia kundi la darasa kwenye simu, alilolianzisha dokta mwenyewe ili tuulize tunapokwama. Lilipangwa kwa namna kwamba yeye peke yake ndiye aliyeweza kuandika. Kila Jumatatu alituandikia: "Naona hakuna maswali. Hongereni."

Siku moja mwanafunzi mwenzangu, msichana mwenyeji wa mtaa wa Mtendeni hapo mjini, alinikuta maabara nikiitazama orodha ya mashangazi.

"Wewe bado unakwenda kwa dokta?" aliniuliza. "Nenda stoo."

"Stoo kuna nini?"

"Kuna madam mpya, mkufunzi msaidizi. Wamekosa ofisi ya kumpa. Ni wa mtaani kwetu, baba yake fundi makufuli."

Stoo ilikuwa nyuma ya maabara, mahali zilipohifadhiwa kompyuta zilizokufa. Zilipangwa ukutani hadi darini, na katikati yake palikuwa na meza ndogo, viti viwili vya plastiki na mwanamke kijana aliyefunga ushungi wa kijivu. Mlangoni hapakuwa na karatasi yoyote. Nilianza Kiingereza changu. Akainua mkono.

"Wewe ni wa wapi, mdogo wangu?"

"Puge, madam."

"Mwangaluka," akanisalimia, salamu ya kwetu, kwa lafudhi ya mtu wa mjini aliyeiokota sokoni. "Sasa nieleze kwa Kiswahili. Kinyamwezi changu kimeishia hapo."

Sijui kwa nini machozi yalinitoka. Nilikuwa na wiki tano za maneno kifuani, yote yakatoka kwa mpigo: shangazi, goti, mjomba, slaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliposikia habari ya mlezi wa wanafunzi aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, lakini aliponyanyua uso alikuwa amejikaza.

Nikafungua kompyuta yangu. Akaifunga.

"Hiyo tuiache kwanza. Tufanye zahanati hapa mezani. Wewe ndiye programu." Akanipa kadi moja tupu na kalamu ya risasi. "Fanya kile kile ulichoiambia mashine ifanye. Usitumie akili zaidi ya hapo."

Nikaandika kwenye kadi jina la mgonjwa wa kwanza, nikaiweka kwenye boksi.

"Mgonjwa wa pili. Katika programu yako, kadi ya huyu umeitoa wapi?"

Nikatazama mistari niliyoiandika kwenye daftari. Hapakuwa na mahali nilipoomba kadi nyingine. Nilikuwa nimeomba moja tu, mwanzoni kabisa, kabla mgonjwa yeyote hajaingia. Basi nikaitoa ile ile kwenye boksi, nikafuta jina la kwanza, nikaandika la pili. Nilipofika mgonjwa wa tatu mkono wangu ulisimama wenyewe hewani na kifutio.

"Madam! Nawafuta!"

"Unawafuta," alikubali. "Kisha mganga anaomba orodha ya watu thelathini, unamsomea kadi hiyo hiyo mara thelathini. Mashine haijakosea. Imekutii."

Nilisogeza mstari mmoja, ule wa kuomba kadi, nikauweka mahali ambapo kila mgonjwa akiingia anapata yake. Nikaomba orodha. Wakaja watu thelathini wa Puge, kila mmoja na maradhi yake. Sijapata tena kufurahia magonjwa ya watu kiasi kile.

Kizuri hakikai siri. Baada ya wiki mbili kulikuwa na foleni ndefu stoo kuliko bwaloni siku ya wali. Madam alitupokea mmoja mmoja, na hakumpa mtu jibu hata siku moja. Alikuwa na boksi, kadi na swali: "Hapo umefanya nini?" Waliokuja kutafuta majibu walikasirika, kisha wakarudi.

Foleni ile ilipita mbele ya dirisha la dokta. Siku chache baadaye ikabandikwa karatasi mpya, yenye mhuri, ikipiga marufuku "msaada usio rasmi". Madam aliandika barua kwa uongozi kuomba aelezwe msaada upi ndio rasmi. Alijibiwa kwamba suala lake liko kwenye mchakato. Kwa kuwa mchakato haukuwa umemkataza jambo lolote, aliendelea.

Asubuhi moja nilikuwa naye stoo, tunapambana na kosa jingine langu, dokta akaingia. Alikuwa amebeba kompyuta yake wazi mikononi, kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi uliojaa. Jasho lilimlowanisha mpaka kola ya koti.

"Shikamoo, dokta," nikasema, nikasimama nimpishe kiti.

"Marahaba." Kwa Kiswahili. Kisha akamgeukia madam. "Dada yangu, hebu niangalizie. Wageni kutoka Dodoma wako njiani."

Ilikuwa hivi. Wageni wale walikuwa wanakuja kuona jinsi chuo kinavyowasaidia wanafunzi, naye alikuwa ameandika mfumo wa kuonyesha wanafunzi wote aliowapokea Jumanne zake. Mfumo ulikuwa na rangi nzuri na nembo. Ulionyesha kwamba amepokea wanafunzi kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walikuwa kijana mmoja wa mwaka wa tatu.

Madam aliitazama orodha ile. Nilijua ameona. Angeweza kuurekebisha mstari ule kwa pumzi moja, na pengine angepewa ofisi kabla ya jua kutua. Badala yake akalisogeza boksi upande wangu.

"Mdogo wangu, mweleze mwalimu wako."

Wiki nyingi nilikuwa nimeiota siku ya kumwona mtu yule amekwama. Nilikuwa na maneno tayari, na slaidi ya thelathini na nane ilikuwa mojawapo. Lakini alikaa kwenye kiti cha plastiki, akavua koti, na nikaona shati lake limeshonwa begani kwa uzi usiofanana na kitambaa. Nikampa kadi na kalamu.

"Andika mwanafunzi wa kwanza, dokta. Weka kwenye boksi. Sasa wa pili, kadi yake inatoka wapi?"

Aliandika. Akafuta. Akaandika. Alipofika wa tatu aliweka kalamu chini, akiitazama kadi iliyochakaa kwa kufutwa.

"Miaka yote hii," alisema polepole, si kwetu, "nimekuwa nikiinakili sehemu hii kutoka kwenye kitabu."

Alisogeza mstari wake mwenyewe, wanafunzi kumi na mmoja wakatokea, akavaa koti na kutoka. Wageni, tulivyosikia, waliridhika sana na rangi.

Wiki iliyofuata aliingia darasani na boksi na kadi, akatufundisha zahanati ya mezani, mbinu ambayo alisema aliipata huko ng'ambo. Darasa lote lilishapita stoo. Tuliandika kimya, tukiogopa kutazamana. Ila haki itendeke: alifundisha vizuri, na sehemu kubwa alifundisha kwa Kiswahili. Kazi yangu alinipa alama B. Wagonjwa walikuwa sahihi wote. Nilipunguziwa kwa Kiingereza cha maelezo.

Karatasi ya marufuku haikuondolewa. Jua liliipausha mpaka ukabaki mhuri tu.

Madam hakupata ofisi. Alipata nafasi ya kwenda kusoma zaidi Dar es Salaam, akaondoka kabla ya mvua za kwanza. Tulimsindikiza stesheni tukiwa wengi kuliko abiria. Tulimnunulia dumu la asali ya msituni, nikachaguliwa mimi kulikabidhi kwa kuwa ndimi niliyelia kwake wa kwanza.

Alilitazama dumu, akatutazama. "Nyinyi, hii si rushwa?"

"Hapana, madam," nikamwambia. "Matokeo yameshatoka."

Akacheka kwa sauti, huku baba yake, yule fundi makufuli, akilipokea dumu na kulifunga kifuniko upya, kwa kuwa aliona sisi hatukukikaza vizuri.