Kufuli la Stoo ya Misiba

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeishi Tunduma tangu foleni ya malori haijawa ndefu namna hii. Nimebeba magunia kwa kichwa hiki hiki, nimeona mtu analala tajiri anaamka anaomba nauli kwa sababu kwacha ya Zambia imeporomoka, nimeona lori la sukari limepinduka na mzee wa kanisa anakimbia na ndoo. Shule niliishia darasa la nne. Leo nina nyumba tatu mtaani kwetu Chapwa na mashine mbili za kukoboa, na waliomaliza shule huja kuniuliza mimi. Kwa hiyo nikisema lipo jambo moja lilinishangaza, mjue halikuwa dogo. Naliandika nikiwa nimechoka. Uongozi unachosha kuliko gunia, maana gunia lina mahali pa kulitua.

Nimeongoza kikundi chetu cha kuzikana miaka kumi na moja. Mwanzo wake ni mama mmoja aliyekuwa anakaanga maandazi karibu na mpaka. Nilipofika kutoka kwetu Hasamba na shati moja, yeye ndiye aliyenipa pembe ya jiko lake nilale. Mwanawe wa kiume, ambaye sasa ni fundi viatu, alikuwa mdogo, akaniita kaka. Mume wa yule mama alikufa wakati wa masika. Jeneza lilinyeshewa uani, ndugu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakajibanza kwenye vibaraza vya majirani, mchungaji akasoma mistari miwili akafunga kitabu. Baada ya matanga mama akaniita.

"Mwanangu, wewe unajua kupanga watu. Panga. Mimi siku yangu nisinyeshewe uani kama baba yenu."

Nikamwambia, "Mama, mvua haikugusi mimi nikiwa hai."

Nikapanga kweli. Tukanunua maturubai manne, viti, masufuria makubwa, tukajenga stoo ya matofali. Mwanzoni kila mtu alikuwa anaingia humo. Viti vikaenda kwenye harusi vikarudi miguu mitatu, sufuria moja ikavuka mpaka na hadi leo haijarudi. Nikaitisha mkutano, nikasema kuanzia sasa stoo inafunguliwa na mwenyekiti tu. Nikanunua kufuli kubwa, ufunguo nikauvaa shingoni. Baada ya hapo hakikupotea hata kijiko. Watu walikuwa wanasema, "Huyu ndiye kiongozi." Na mimi nilikuwa naitikia.

Katibu wetu ni mwalimu mstaafu, mama mpole. Siku moja alisema, "Mwenyekiti, tuchonge basi ufunguo wa pili. Binadamu anasafiri."

"Mwalimu, wewe andika mihtasari. Mambo ya chuma niachie mimi."

Watu walicheka. Na yeye alicheka, akainamia daftari lake.

Mwaka mmoja kufuli likaota kutu. Niliwafokea wanakikundi wote kwenye mkutano, nikawaambia wao si watu wa kuachiwa mali. Nikatoa amri: mvua ikianza, aliye karibu na stoo alifunike lile kufuli. Hata fundi viatu siku hizo alikwishaacha kuniita kaka. Alikuwa ananiita mwenyekiti, na viatu vyangu alivishona bure.

Sasa, masika ya juzi hapa nilikwenda Kamsamba kununua mpunga. Barabara ya kule wakati wa mvua kila mtu anaijua. Tukiwa njiani kurudi lori likazama mpaka ekseli. Simu ikashika mtandao kwenye kichuguu kimoja tu, unasimama juu yake kama kuku. Hapo ndipo aliponipata katibu.

"Mwenyekiti, mama wa fundi ametutoka alfajiri. Tunazika kesho saa nane. Tuvunje kufuli?"

Nilimlilia yule mama moyoni, lazima niseme. Lakini mdomo ulikwishazoea kazi yake. "Asiguse mtu kufuli langu. Kesho asubuhi nipo hapo, nafungua mwenyewe. Yule ni mama yangu."

Nilitaka nifungue mimi. Nilitaka Tunduma nzima inione nimetimiza ahadi. Hiyo ndiyo kweli yake.

Asubuhi lori lilikuwa bado limezama. Nikarudi kwenye kichuguu, mtandao hakuna. Nikajipa moyo: mpaka saa hizi watakuwa wamekwishalivunja, watu wazima wale, msiba upo mlangoni. Nikawa hata nimeandaa maneno ya kuwasamehe. Trekta lilituvuta mchana, na mimi nikaingia Chapwa siku ya pili yake, matope mpaka magotini.

Mvua ilikuwa inanyesha. Nikapita kwanza stoo. Kufuli lilikuwa mahali pake, zima. Lilikuwa limevishwa mfuko wa nailoni, mfuko umefungwa kwa kamba ya katani, mafundo mawili, safi kabisa, hakuna tone lililopita.

Nikasimama pale. Nawaambia, nilishangaa.

Kule msibani watu walikuwa wamekalia matofali na makreti ya soda. Uani palikuwa tope tupu. Ndugu wa Nakonde walikuwa kwenye vibaraza vya majirani, vile vile kama zamani. Fundi viatu aliinuka, nywele zimelowa, akanipa mkono.

"Pole na safari, mwenyekiti."

Yeye ndiye anayenipa pole.

"Mmezika?"

"Tumezika jana. Tulikusubiri mpaka saa kumi. Jeneza tulilifunika kwa shuka, lakini shuka ni shuka."

"Kwa nini hamkuvunja?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. "Si ulisema? Kufuli lipo salama. Tulilifunika."

Mama mmoja mnene wa kutoka Nakonde, dada wa marehemu, aliongea kutoka kibarazani bila kuinuka. "Ba cheamani, mwenyekiti wao, ndiyo ninyi? Asanteni. Kufuli lenu limekaa vizuri kuliko dada yangu."

Hakuna aliyecheka. Katibu akaniambia taratibu, "Nyundo nilikuwa nayo, mwenyekiti. Niliishika nikaiweka chini. Miaka yote hii umetufundisha kutogusa, tumejua."

Nilitafuta mtu wa kumfokea nikamkosa.

Wiki iliyofuata niliitisha mkutano. Nikauvua ufunguo shingoni nikauweka mezani. Nikasema nimeshindwa, auchukue mwingine. Nilidhani watagombania. Nilidhani pia watanibembeleza, sikatai. Hawakufanya lolote. Walikuwa watu kama sitini, wanautazama ule ufunguo kama vile ni nyoka amelala. Mmoja akasema, "Endelea tu, mwenyekiti." Mwingine akasema, "Wewe ndiye unayejua." Nikawatazama mmoja mmoja. Wengine nawajua tangu tunabeba magunia, wanaume waliokuwa wakimpiga kelele hata ofisa wa mpakani. Hao ndio mimi nilikuwa najisifu kuwaongoza. Miaka kumi na moja iliyopita wangeuokota ufunguo ule bila kuniuliza.

Ukakaa pale mezani mpaka mkutano ukafungwa. Niliuchukua mwenyewe nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa funguo pale stendi, nikamwambia achonge sita. Nikazunguka nazo kwa miguu. Katibu nilimpa wa kwanza. Aliupokea kwa mikono miwili, akauliza, "Nikifungua nikuarifu kabla au baada?" Nikamwambia, "Mwalimu, usiniarifu kabisa." Hakuamini. Wengine waliupokea wakauficha haraka, kana kwamba nitabadilisha mawazo nikiwa bado mlangoni. Itachukua muda, na mimi sina tena nguvu ya kuwafokea watu ili wasiniogope.

Wa sita ulikuwa wa fundi viatu. Nilimkuta kwenye kibanda chake anashona soli. Niliuweka juu ya benchi lake, nikasema, "Huu ni wako. Nilimwahidi mama, nikamkosea."

Aliendelea kushona mpaka soli ikaisha. Halafu akakata ukanda mwembamba wa ngozi, akaupitisha kwenye tundu la ule ufunguo, akaupiga mshono, akauvuta kwa meno kuupima. Akauvaa shingoni, akaniwekea kiganja mbele.

"Ngozi na mshono, mia tano, kaka."

Sikumbuki lini alinidai mara ya mwisho. Nikatoa. Njiani nikapiga hesabu ya gharama yote: funguo sita kwa elfu tatu tatu, na mia tano ya ukanda: shilingi elfu kumi na nane na mia tano.