Bei ya Ndugu

Mlangoni kwa Mama Fomu bei zote zilibandikwa kwa herufi kubwa: kutoa kopi, kuchapa, kujaza fomu mtandaoni. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa miaka minane alikuwa akiwajazia fomu za kazi na za vyuo. Chumba hicho kimoja ndicho kilichomlisha yeye na mama yake mgonjwa.

Sasa intaneti ilikuwa imekatwa tangu juzi. Asipolipa leo, jioni kampuni ya intaneti ingekuja kung'oa kifaa chake, na kampuni nyingine haikuwa na waya mtaa ule. Alimpigia wakala wa kampuni hiyo kumwomba apunguziwe. Wakala, mwenye ulimi wa asali, akacheka.

"Dada, wewe nilishakupa bei ya ndugu. Bei zetu hazitangazwi, kila mtu tunaelewana naye."

Bei ya ndugu, ndiyo. Siku ya kwanza wakala alimnong'oneza, "Usimwambie mtu, wengine watadai," naye, mjinga wa watu, akafunga mdomo miaka mitatu. Kinyozi wa chumba cha pili aliwahi kumuuliza analipa ngapi. Akamjibu, "Ya kawaida tu," akaingia ndani akijiona mjanja.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Leo alimfuata kinyozi, akamtajia bei yake waziwazi. Kinyozi akazima mashine ya kunyolea.

"Kwa mwezi?"

"Kwa mwezi."

"Mimi nalipa nusu ya hiyo," kinyozi akasema, macho chini. "Waya ni huo huo. Na mimi aliniambia ni bei ya ndugu, nisimwambie mtu."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Miaka mitatu alikuwa akimtunzia siri mtu aliyemkamua, na dawa ilikuwa ukuta wa pili tu. Akatoa simu: angemwambia wakala, "Jirani yangu analipa nusu, nami nataka nusu."

Kinyozi akamshika mkono. "Dada yangu, nakuomba. Ukinitaja watanipandishia mimi. Nina watoto wanne, unawajua."

Anawajua. Wawili aliwajazia fomu za shule yeye mwenyewe, bure.

Hakupiga. Alirudi mlangoni kwake, akaanza kubandua karatasi ya bei polepole; kuanzia leo naye angeelewana na kila mteja kivyake, huku kinyozi amesimama anamtazama, mashine mkononi.